MWENYE WAYA NA MWENYE SAUTI

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa visiwani wakaao Tanga





Tumekutana tena katika mji huu wa Tanga, mji ambao kwa watu wa Pemba na Unguja haujapata kuwa ugenini. Wamo humu ndani waliozaliwa Ngamiani na babu zao wamezikwa Wete. Wamo wavuvi wa Kojani ambao kila msimu hupiga dago katika pwani hii, tangu Moa mpaka Pangani, kisha hurudi kwao na samaki na khabari. Bahari iliyo baina yetu haikuwa ukuta kwa wazee wetu. Ilikuwa njia. Na hayo tutakayoyasema leo yanahusu njia nyengine inayopita juu ya bahari hiyo hiyo, nayo ni njia ya sauti.

Huenda baadhi yenu mkastaajabu kuwa chama kimewaita kusikiliza hotuba juu ya redio, waya na visimbuzi, na hali yapo mambo ya karafuu, ya bandari, na ya daftari la wapiga kura. Lakini mambo hayo yote mtu huyajua kwa kuyasikia. Anayeamua nini kiwafikie watu masikioni ameshaamua nusu ya watakayoyafikiri. Basi swali letu la leo ni moja tu, nalo ni hili: kampuni inayoleta matangazo majumbani kwa waya au kwa kisimbuzi, je, ina hiari ya kuchagua redio na televisheni gani za wenyeji izibebe na zipi iziache? Au iwepo sheria ya kuilazimisha? Na ikiwa sheria iwepo, ni nani atakayeshika kalamu ya kuandika orodha?

Jibu letu twalitoa mapema, ili asiwepo wa kusema kuwa tumelificha. Twasema sheria ya kulazimisha iwepo. Twasema izitaje redio ndogo za mahali, isiishie kwenye televisheni kubwa za taifa. Na twasema kalamu hiyo isikae katika mkono wa Waziri peke yake.

Ndugu wanachama,

Tuanze kwa kuelezana jambo lenyewe lilivyo. Zamani, mwenye stesheni alisimamisha mnara wake, sauti ikatoka ikaenda hewani, na mwenye redio akaikamata. Baina ya msemaji na msikilizaji hapakuwa na mtu wa tatu. Sasa yupo. Huyo wa tatu ndiye mwenye waya unaopita nyumba hadi nyumba, au mwenye mtambo wa kukusanya stesheni nyingi na kuzituma pamoja, au mwenye satalaiti. Yeye si lazima awe na la kusema, lakini kila mwenye la kusema sharti apite mlangoni kwake.

Mfano wake ni chombo cha abiria. Nahodha ana chombo chake, na nauli ni haki yake. Lakini hakuna serikali yenye akili inayomwachia nahodha achague kuwa leo atachukua watu wa Mkoani tu, na wa Micheweni wabaki gatini kwa kuwa hawana mizigo ya fedha nyingi. Chombo kikishakuwa ndio njia ya watu wote, chombo hicho kina wajibu kwa watu wote. Haya twayajua katika mashua. Kwa nini tusiyajue katika waya?

Wala waya wa redio si jambo jipya katika Afrika. Mwaka 1935, katika mji wa Accra, Waingereza walianzisha stesheni iliyoitwa ZOY. Matangazo yake yalipelekwa kwa waya katika nyumba zipatazo 300, na sehemu kubwa ya yaliyosikika ilikuwa ni idhaa ya BBC kutoka London. Aliyekuwa amekaa Accra aliyasikia ya London kwa sababu mwenye waya aliyataka ya London. Huo ndio mwanzo wa mambo, nao watufundisha kuwa waya haubebi khabari kwa uzito wa khabari. Waubebesha mwenyewe apendavyo.

Kwetu sisi, Sauti ya Unguja na stesheni ya Dar es Salaam zote zilianza mwaka 1951, chini ya serikali za wakati ule. Mwaka 1973 Zanzibar ikapata televisheni ya rangi, nayo ikasifiwa kuwa ya mwanzo Afrika kusini ya Sahara. Yalikuwa mambo ya fahari, na hatukatai. Lakini kutoka hapo mpaka miaka ya 1990 sauti ilikuwa moja, na mwenye sauti alikuwa mmoja. Aliyekuwa na neno tofauti alilipiga chapa katika karatasi kama hii yetu, kwa mashine ya mkono na wino unaochafua vidole, akalipeleka baraza kwa baraza. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejea mwaka 1992, Bara ilitungwa sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, na watu binafsi wakaruhusiwa kufungua stesheni. Zanzibar ilitunga yake mwaka 1997, ikaundwa Tume ya Utangazaji. Milango ikafunguka, na hewa ikajaa sauti.

Hapo ndipo alipoingia mtu wa tatu tuliyemtaja.

Mwaka 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Mawasiliano ya Elektroniki na Posta, na mwaka 2011 zikafuata kanuni za matangazo ya dijitali. Kazi ya kukusanya na kusambaza matangazo Bara ilipewa kampuni tatu: Star Media, ambayo ni ubia wa TBC na kampuni ya StarTimes ya China, Agape Associates, yenye kisimbuzi cha Ting, na Basic Transmissions, yenye Continental. Mitambo ya zamani ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Disemba 2012. Tanga na Dodoma zikafuata tarehe 31 Januari 2013. Tangu siku hiyo, mtu wa Tanga mwenye televisheni hakupata kitu hewani bila ya kisimbuzi, au king'amuzi kama tulivyokuwa tukikiita wakati ule. Mwaka huo huo wenye vituo walilalamika hadharani kuwa watazamaji wao wamepungua kwa ghafla, kwa kuwa wengi hawakuwa na fedha za kununulia kifaa hicho.

Serikali haikuwa imelala katika jambo hili, na tutoe haki panapostahiki. Iliwekwa sharti la kubeba. Televisheni tano, yaani TBC1, ITV, Channel Ten, Star TV na EATV, zilitakiwa zionekane bila ya malipo katika visimbuzi vya mitambo ya nchi kavu, hata kifurushi cha mtazamaji kikimalizika. Hilo lilikuwa jema. Lakini itazameni orodha hiyo kwa macho ya mtu wa Pangani, au wa Mkinga, au wa Wete. Zote ni televisheni. Zote makao yake ni Dar es Salaam, ila Star TV ya Mwanza. Redio ya wilaya haikuwamo. Redio ya kijiji haikuwamo. Mwambao wote huu, tangu Horohoro mpaka Pangani, haukuwa na sauti yake hata moja katika orodha ya lazima.

Kisha likaja la mwaka 2018. Mwezi wa Agosti mwaka huo Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, ilishikilia kuwa leseni za wenye visimbuzi vya satalaiti vya kulipia, nao ni Azam, DStv na Zuku, haziwaruhusu kubeba televisheni za bure isipokuwa TBC1. Basi ITV, Channel Ten, Star TV, EATV na Clouds zikatolewa. Mtu aliyelala akiwa nazo aliamka hanazo. Na wa vijijini ndiye aliyeumia zaidi, kwa kuwa mitambo ya nchi kavu haikufika kila mahali, na dishi la satalaiti lilikuwa ndio jicho lake la pekee.

Tafadhalini lifikirini tukio hilo kwa utulivu. Chini ya nchi moja, sheria moja na Mamlaka moja, televisheni ile ile ililazimishwa kubebwa na huyu na ikakatazwa kubebwa na yule. Aliyebaki kila mahali ni mmoja, naye ni wa serikali. Miezi michache kabla, Januari 2018, Mamlaka iliyatoza faini ya jumla ya shilingi milioni 60 mashirika matano ya televisheni, manne kati yao yakiwa ni ITV, EATV, Channel Ten na Star TV, kwa kutangaza khabari juu ya ripoti ya haki za binadamu katika uchaguzi mdogo wa madiwani wa Novemba 2017. Hatusemi kuwa jambo moja lilizaa la pili. Hatuna ushahidi wa hilo, na chama chetu hakisemi lisilo na ushahidi. Twasema tu kuwa mkono unaotoza faini, unaotoa leseni, na unaoandika nani abebwe na nani asibebwe, ukiwa ni mkono mmoja, basi mwenye stesheni hana haja ya kuonywa. Atajionya mwenyewe.

Ndugu wanachama,

Sasa tuje kwenye redio, maana hiyo ndiyo haja yetu khasa.

Pangani iko Pangani FM, redio ya jamii iliyoanzishwa chini ya UZIKWASA, shirika la hapo hapo. Micheweni, Pemba, iko Redio Jamii Micheweni. Tumbatu wanayo yao, na Mkoani wanayo yao. Hizi si redio za matajiri. Hazina nyimbo za Marekani mchana kutwa wala bahati nasibu. Zina khabari ya skuli iliyokosa mwalimu, ya kisima kilichokauka, ya mipaka ya kuvulia, ya mtoto aliyepotea. Mkubwa wa Dar es Salaam hawezi kutangaza hayo, na si kwa ubaya wa moyo. Kwake yeye si khabari.

Lakini saa ya khabari hizo ikifika, hapana nyengine inayofaa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na mamia ya watu wetu wakapotea. Asubuhi ile mtu wa Wete hakuwa na haja ya khabari za Ulaya. Alikuwa na haja ya majina. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu, mvuvi wa Kigombe na mvuvi wa Tumbe walikuwa na haja ya neno moja: leo tutoke au tusitoke? Neno hilo likitoka kwa msemaji anayeijua miamba ya hapo na jina la kila bandari ndogo, mvuvi hulisikiliza. Likitoka mbali kwa lugha ya ofisini, hulipuuza akatoka, na wengine hawarudi.

Mwaka 2010 umeme ulivuka bahari kutoka Tanga kwenda Pemba, kwa waya wa kilomita zipatazo 78 uliolazwa chini ya maji kwa msaada wa Norway. Wakati huo hapana aliyesema kuwa umeme ni wa Bara na usiwake visiwani. Watu walifurahi, majenereta ya mafuta yakapumzika. Ikiwa nuru imepata njia ya kuvuka, vipi sauti ikose?

Na hapa pana jambo la kisheria ambalo wanachama yawapasa kulijua vyema. Posta na simu ni mambo ya Muungano. Utangazaji si jambo la Muungano. Kwa hiyo Bara msimamizi wa matangazo ni TCRA, na Zanzibar ni Tume ya Utangazaji. Sisi twaitetea mamlaka hiyo ya Zanzibar, wala hatutaki ipunguzwe hata kidogo. Lakini matokeo yake ni kuwa orodha ya lazima inayoandikwa upande mmoja haiwi wajibu upande wa pili. Redio ya Tanga hewani yafika Pemba bila ya kuomba ruhusa, kwa kuwa bahari haina mlima wa kuizuia. Ikitaka kuingia katika kisimbuzi cha Pemba hukuta mpaka. Na redio ya Micheweni yakuta mpaka huo huo ikija Tanga, ambako wako Wapemba chungu nzima wenye shauku ya kusikia ya kwao. Katiba zote mbili, ya Muungano ya 1977 na ya Zanzibar ya 1984, zimeitaja katika kifungu cha 18 haki ya mtu kutafuta na kupokea khabari bila ya kujali mipaka. Haki iliyovuka mipaka ya nchi na ishindwe kuvuka mkondo wa Pemba ni haki ya namna gani?

Wala si sisi peke yetu tuliolikabili swali hili. Tuwatazame jirani. Nchini Kenya wenye vituo vikubwa walipinga mahakamani kubebwa bila ya idhini yao, wakisema ni kuporwa mali yao ya ubunifu. Mahakama ya Rufani iliwakubalia Machi 2014, lakini Mahakama ya Juu, katika hukumu ya tarehe 29 Septemba 2014, ilisema sharti la kubeba halikuwa wizi bali lina manufaa ya umma. Hata hivyo ugomvi wa mitambo haukwisha. Mwezi wa Februari 2015 vituo hivyo vilikaa gizani zaidi ya wiki mbili.

Marekani sheria ya mwaka 1992 iliwalazimisha wenye kebo kubeba televisheni za mahali, lakini iliweka kikomo: kwa stesheni za biashara, isipite thuluthi moja ya nafasi za kampuni. Wenye kebo walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 1997 walishindwa kwa kura moja, majaji watano kwa wanne. Sheria ile iliwataja wenye televisheni tu, na redio ziliachwa nje. Ulaya walifanya vizuri zaidi. Agizo lao la mwaka 2002 lilitaja redio na televisheni pamoja, na likasema kuwa sharti hilo liwekwe tu pale ambapo watu wengi hutegemea njia hiyo, kwa sababu ya manufaa ya umma iliyoandikwa wazi, na kwa kiasi kisichozidi haja.

Hatusemi tuige. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Lakini katika nchi hizo zote yaonekana mambo matatu: sharti laweza kuwekwa, sharti lazima liwe na kikomo, na sababu yake lazima iandikwe mahali ambapo kila mtu ataisoma.

Sasa tuzijibu hoja za wanaotupinga.

Wa kwanza husema: waya ni mali ya mwenyewe, na serikali haina haki ya kumwambia abebe nini. Twamjibu kuwa hakuna aliyempa nguzo za barabarani wala masafa ya hewani isipokuwa umma. Aliyekula cha umma ana deni la umma. Wala hatumwambii abebe redio tu. Biashara yake yote iliyobaki ni yake.

Wa pili husema: nafasi haitoshi. Hii ni hoja ya mtu asiyetaka kuhesabu. Sauti ni nyepesi kuliko picha. Nafasi inayochukuliwa na televisheni moja ya kawaida yatosha redio kumi na zaidi. Kampuni ikiacha televisheni moja tu ya kurudiarudia sinema za zamani, yaweza kubeba redio zote za jamii za mwambao huu, za Pemba na za Unguja, na nafasi ikabaki.

Wa tatu husema: redio bado ziko hewani, anayetaka aisikilize kwa redio yake. Huyu hajaingia majumbani siku hizi. Ziko nyumba nyingi ambazo kifaa cha pekee cha kusikilizia ni televisheni na kisimbuzi chake. Vijana wana simu, lakini kusikiliza kwa mtandao kwataka kifurushi, na kifurushi chataka fedha. Isitoshe, redio ya wilaya ina leseni ya wilaya, na mnara wake mfupi hauvuki mbali. Na mwenye tangazo la biashara huifuata redio iliyomo ndani ya kisimbuzi, kwa kuwa huko ndiko waliko wengi. Redio iliyoachwa nje hukosa tangazo, ikakosa mafuta ya jenereta, ikakosa mtangazaji, kisha ikafa pole pole, na serikali ikasema: haikuzimwa na mtu.

Wa nne ni mwenzetu, naye hoja yake ni nzito kuliko zote. Husema: nyinyi ni chama cha upinzani. Mwaitaka serikali ipewe nguvu ya kuamua nani abebwe? Hamwoni kuwa kesho itawabebesha watu sauti yake mwenyewe na kuziacha zenu? Twamwambia kuwa khofu yake ni ya haki. Lakini pasipo sheria yoyote hali si huru. Pasipo sheria anaamua mwenye fedha, na mwenye fedha huogopa leseni yake, kwa hiyo serikali huamua kwa kupitia khofu ya mwenye fedha, na hapana karatasi utakayoipeleka mahakamani. Sheria mbaya yaweza kushitakiwa. Kunong'onezana hakushitakiki. Ndiyo maana hatudai sheria ya jina la stesheni, twadai sheria ya kipimo. Isiandikwe, "Mbebeni fulani." Iandikwe, "Mbebeni kila mwenye sifa hizi," na sifa zenyewe zihesabike kwa vidole.

Basi, ndugu wanachama, madai yetu ni haya, na twaomba kila tawi liyahifadhi.

Kwanza, kila kampuni ya kebo na ya kisimbuzi itakiwe kubeba redio zote za jamii na za wilaya zenye leseni katika eneo inalohudumia, bila ya kuitoza redio ya jamii hata senti moja kwa kubebwa.

Pili, sifa ya redio ya kubebwa iwe ni leseni yake, makao yake ya mahali, na saa za matangazo yaliyotengenezwa mahali hapo kwa watu wa hapo. Isiwe ni rai yake ya siasa, wala dini ya mwenyewe, wala urafiki wake na mkuu wa mkoa.

Tatu, TCRA na Tume ya Utangazaji Zanzibar wakae pamoja, kila mmoja kwa mamlaka yake bila ya mmoja kummeza mwenziwe, waandike mapatano ya kubebeana: redio za Tanga ziingie katika visimbuzi vya Pemba, na za Pemba ziingie katika vya Tanga.

Nne, orodha itangazwe kila mwaka pamoja na sababu ya kila aliyeingizwa na kila aliyetolewa, na aliyetolewa apewe siku za kujitetea kabla ya kutolewa, si baada yake. Rufaa yake iende mahakamani, isiende kwa Waziri.

Tano, mtangazaji wa serikali abebwe kama wengine, naye awe na wajibu zaidi ya wengine, maana kodi inayomlisha hutoka kwa wanachama wa kila chama. Wakati wa uchaguzi wajibu huo usiwe wa hisani.

Haya yote hayataki fedha nyingi. Yataka nia, na nia ya serikali aghalabu huamshwa na makelele ya wananchi. Kwa hiyo yatupasa kufanya kazi, tusiishie kupiga makofi. Lipo Baraza la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003 iliyoiunda TCRA. Kazi yake ni kusikiliza malalamiko ya watumiaji, na watumiaji ni sisi. Kila tawi liwateue watu wawili wenye hati nzuri ya kuandika. Wapite nyumba kwa nyumba, waandike: kisimbuzi gani kimo, redio zipi zasikika ndani yake, na zipi za hapa hazisikiki. Orodha hiyo iletwe kwa katibu, nasi tutaipeleka kwa Baraza hilo na kwa Tume kule Unguja, kwa saini zetu. Serikali huweza kuidharau hotuba. Kuidharau hesabu ni kazi ngumu zaidi.

Na tukiandika, tuandike kwa ajili ya wote. Ikiwa redio ya mahali inayotusema vibaya imeachwa nje ya waya, nayo tuitie katika orodha. Haki tunayoidai kwa ajili ya rafiki zetu tu ni upendeleo uliovaa kanzu ya haki, na upendeleo huo ndio tunaowalaumu nao wenzetu walioko madarakani.

Ndugu wanachama, wazee wetu walikuwa na karatasi na miguu, wakaifikisha kauli yao Tumbatu na Kojani, Moa na Pangani. Sisi tuna minara, waya na satalaiti. Itakuwa aibu kubwa ikiwa mtu wa Tanga ataijua hali ya hewa ya London kabla ya kuijua ya mkondo wa Pemba anaotaka kuuvuka kesho alfajiri.

 Kazi ianze wiki hii, na Mwenyezi Mungu atusaidie.